Bonyeza Moja Kukiri Kosa

Mtu akifa mtaani Kasha, Bukavu, waya hufika kabla ya turubai. Si sheria, wala hakuna aliyewahi kukaa chini akaifundisha. Jirani mwenye umeme akisikia vilio upande wa pili, anaacha chungu motoni, anatafuta waya mrefu na kuurusha juu ya ukuta hadi kwa wafiwa. Haombwi na hashukuriwi. Marehemu haagwi gizani, kwaya haiimbi bila kinanda, na wale mashangazi walioshuka kutoka Kabare tangu alfajiri, simu zao watazichaji wapi?

Basi Philémon, seremala, alipofariki, waya ulitoka kwa Séraphine. Nyumba ya Philémon ilikuwa na kipande cha paneli ya jua juu ya bati, cha kuwasha taa mbili na redio, basi. Séraphine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na mita, friji ya kutunzia sambaza, wale dagaa wa ziwani anaowauza sokoni, na heshima. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa. Alikuwa rais wa kamati ya kabini.

Hapa lazima tuseme kidogo kuhusu kabini, yaani kizimba cha transfoma ya mtaa, maana kuna watu wanaodhani transfoma huletwa na kampuni. Watu wa Kasha waliinunua yao wenyewe. Kila nyumba ilitoa chochote ilichonacho, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na siku transfoma ilipofika wakubwa wa umeme walikuja na mkasi na utepe kuizindua kama vile wao ndio walioinunua. Wakazi walicheka, wakapiga makofi, wakafunga kizimba kwa kufuli, na ufunguo wakamkabidhi Séraphine. Katika michango ile yote hakuna siku hata moja ambapo mtu alinong'ona kwamba Séraphine amekula.

Fabiola Nsimire, mpwa wa marehemu, alifika Jumamosi mchana kwa gari la kazini, na kreti za soda nyuma. Alizaliwa humo humo Kasha, akasoma, akahamia Nyalukemba penye lami na maua, na sasa ndiye aliyekuwa mtu mkubwa wa ukoo. Walimpa kiti cha plastiki mbele kabisa, karibu na mlango wa sebule ulimolazwa mwili. Séraphine mwenyewe ndiye aliyemletea chai, akakaa kando yake, wakashikana mikono.

Kazi ya Fabiola ilikuwa ngumu kuieleza, na tuseme ukweli, yeye alipenda iwe hivyo. Siku hizi Bukavu umeme hauuzwi na mtu mmoja. Iko kampuni kubwa yenye nyaya za mji mzima, wako wenye mitambo midogo kwenye maporomoko ya milimani, wako wa paneli za jua, wengine hadi kisiwani Idjwi. Kila mmoja alizificha habari zake, kila mmoja akipapasa gizani, mpaka ilipoanzishwa Kiungo. Kiungo ni mfumo wa kompyuta. Mita zote zinapeleka habari zao mahali pamoja, na wauzaji wote sita wanaziona: mtaa gani unahitaji umeme, upi unaupoteza, nani analipa, nani anaiba. Mjini waliuita mashine ya Nyalukemba. Na sehemu ya wizi aliiandika Fabiola.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Mita ya nyumba moja ikianza ghafla kula umeme wa nyumba mbili, huyo anauzia jirani kinyemela. Mfumo unamkata papo hapo. Wauzaji wote wanapata alama yake, asije akakimbilia kwa mwingine. Na hakuna simu ya kumwokoa. Zamani bwana mkubwa akikatwa alipiga simu mbili tu, akawashiwa; mnyonge akikatwa, alikaa na mshumaa wake. Fabiola alikula kiapo kwamba mashine yake haitakuwa na sikio. Alijivunia jambo hilo kuliko shahada zake zote.

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo kinanda kilipozimika. Hakuna aliyeshtuka. Umeme kukatika Bukavu ni kama mtu kukohoa, na waimbaji waliendelea kwa koo tupu, wengine wakipiga makofi mahali pa ngoma. Kisha simu zikalia. Si moja, za ua mzima kwa pamoja: mifukoni, vifuani mwa akina mama, na zile zilizokuwa zimepangwa chini zikichajiwa. Kwaya ikanyamaza yenyewe.

Blanchard, katibu wa kamati ya kabini, mtu aliyekuwa ameutolea macho ufunguo ule kwa muda mrefu, aliusoma ujumbe kwa sauti kama anayesoma somo kanisani.

"KIUNGO. Mita ya SÉRAPHINE M'BASHWIRA, Kasha, imefungwa kwa kushukiwa WIZI WA UMEME. Mwenye mita abonyeze 1 kukiri kosa, umeme utarudi mara moja. Abonyeze 2 kupinga, mkaguzi atafika ndani ya siku saba. Wateja wote wa kabini hii wametumiwa ujumbe huu, kwa uwazi."

Kwa uwazi. Fabiola aliyajua maneno hayo. Aliyachagua yeye, mezani kwake, na kikombe cha kahawa mkononi, na siku ile yalimpendeza sana. Sasa aliyasikia yakitoka kinywani mwa Blanchard, hatua tatu kutoka kwenye jeneza la mjomba wake.

"Wizi?" alisema Blanchard. "Mama président, njo nini hii?"

"Wizi ya nini?" alijibu Séraphine. "Si nyote munaona waya."

Watu wote waliuona. Ulikuwa unaning'inia pale juu ya ukuta, mweupe, umefungwa kitambaa mahali ulipochanika. Lakini neno wizi likishaandikwa kwenye simu ya kila mtu, pamoja na jina la mtu, halisomeki kama mchezo. Wengine walianza kutazamana. Mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika, kwamba kumbe ndiyo sababu friji ile haizimiki.

Ndipo Emérence, mjane, akainua kichwa kutoka mkekani. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Fabiola, mutoto yangu. Si weye unatumikaka kule ku mashine? Uwapigie telefone. Uwaambie huku iko kilio."

Macho yote yakamgeukia. Yalikuwa macho ya fahari, hilo ndilo lililomchoma. Mtoto wao alikuwa kule, mambo yatanyooka. Fabiola alifungua mdomo. Angeweza kusema: ni mimi niliyeiandika, nimekosea, samahani. Yalikuwa maneno machache tu. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, laini, ya kiofisi:

"Tantine, mie niko service ingine. Ile ya wizi, sijue ni nani anaitumika."

Séraphine aligeuka akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa simu yake ndogo, akaishika mbali na macho kama wanavyofanya watu wasiotaka kununua miwani.

"Nikifinya moja, courant inarudia?"

"Mama," alisema Blanchard, "moja ni kukubali kama uliiba."

"Nimesikia."

Akabonyeza. Mkono wa Fabiola ulikuwa mapajani, karibu kabisa na mkono ule, na haukusogea.

Umeme ulirudi. Kinanda, kwa kuwa kilizimwa ghafla, kikajianzishia chenyewe wimbo wa dansi ule wa kujaribia uliomo ndani yake, na kwa muda nyumba ya msiba ikawa na ngoma ya arusi mpaka mpigaji alipokizaba kofi. Baadhi ya watu walicheka bila kutaka. Simu zikalia tena. "Mwenye mita amekiri kosa. KIUNGO inamshukuru kwa uaminifu wake." Hayo nayo yalikuwa maneno ya Fabiola. Aliomba ardhi ipasuke immeze, na ardhi ikamwacha pale pale kwenye kiti chake cha mbele, na soda mkononi.

Kesho yake walimzika Philémon. Fabiola alisimama upande wa pili wa kaburi, nyuma ya binamu zake warefu. Séraphine alikuwa ng'ambo, na kitenge cheusi, peke yake kidogo. Watu walikuwa wameacha nafasi kati yao na yeye, si kubwa, ya mtu mmoja hivi. Maua yalipowekwa, Fabiola aliona Séraphine amejitenga, amesimama kando ya njia ya kutokea, kama mtu anayengojea usafiri. Fabiola akazungukia nyuma ya makaburi, akapita kwenye magugu na viatu vyake vya visigino, akaingia garini. Alijiambia kwamba ana haraka.

Jumatatu alifika kazini mapema, akafungua mfumo kutafuta jinsi ya kufuta ile alama kimya kimya. Haikuwezekana. Alama iliyotiwa na mashine angeweza kuisimamisha. Lakini hii mwenye mita aliikiri, na ungamo, kwa kanuni aliyoiandika Fabiola mwenyewe, halifutwi ila kwa tamko la mfanyakazi wa Kiungo, lenye jina lake na sababu yake, na tamko hilo linatumwa kwa wale wale waliotumiwa shtaka. Kwa uwazi.

Akawa anazitazama tu habari za mita ya Séraphine. Mstari wake ulikuwa umelala mwaka mzima, mtulivu, kisha siku Philémon alipokata roho ukapanda. Fabiola alilijua umbo hilo. Ofisini waliliita nundu. Umeme unapanda ghafla, mashine inakata, mtu anakiri, na baada ya siku chache mstari unalala tena. Alikuwa na nundu za mji mzima, na kila mwezi alizionyesha kwenye mikutano: tazameni, hapa mtu ameiba, hapa mfumo umemkamata, hapa ameacha wizi. Tisa kati ya kumi wanakiri wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu tamu kuliko zote za Kiungo.

Alifungua nundu ya Kadutu. Akafungua ya Panzi, akafungua nyingine ya Bagira. Zote zilipanda ndani ya siku moja na zote zilishuka baada ya siku chache, kana kwamba wezi wote wa Bukavu wamekubaliana kuiba kwa muda wa kilio kimoja kisha waokoke. Mwizi gani huyo? Na mtu gani, mwenye maiti ya jirani sebuleni na kwaya inasubiri, atabonyeza mbili akangoje mkaguzi siku saba?

Mwenye kuiandika kanuni angekuwa mgeni aliyeletwa kwa ndege kutoka Kinshasa, angesameheka. Huyo hajui waya. Fabiola aliujua tangu anatambaa. Baba yake aliagwa kwa umeme wa jirani, yeye mwenyewe alisomea mtihani wa shule chini ya taa ya kilio cha watu wengine. Lakini wakati anaandika kanuni ile, siku zote zile, waya haukumjia akilini hata mara moja. Alipokaa kwenye meza ya Nyalukemba, Kasha ilikuwa kwake mahali penye namba kwenye ramani. Aliinamisha paji la uso kwenye meza na uso ukamwaka moto, ingawa chumbani hapakuwa na mtu.

Guy, mkurugenzi wake, alikuwa mtu mwema mwenye tabasamu la haraka. Alizisikiliza nundu zote mpaka mwisho. Mwishoni tabasamu lilikuwa limekwenda.

"Banaleta wafadhili mercredi," alisema. "Unajua chiffre yetu ni gani. Tisa kwa kumi. Ukigusa kanuni leo, chiffre inaanguka, na sie tunaanguka nayo."

"Guy, wale batu hawakuiba."

"Nimeelewa. Sisemi hapana. Nasema tungoje mercredi ipite."

Fabiola alikuwa na njia ya kukataa. Angeweza kuondoka, angeweza kugonga meza. Fabiola alisema sawa. Alisema sawa kwa wepesi uliomtisha mwenyewe, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi kupewa siku mbili.

Jumatano, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wageni. Alikuwa amejiambia atairuka picha ya nundu. Ilipofika, mkono haukuiruka. Akaieleza kama siku zote, sauti yake safi, Kifaransa chake kimenyooka: hapa wizi, hapa mfumo, hapa wizi umekoma. Bibi mmoja wa mstari wa mbele aliandika kitu na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Walimpigia makofi. Usiniulize alijisikiaje. Alijisikia mchafu, kama mtu aliyepita sokoni na nguo imechanika nyuma na watu wote wanamwambia umependeza.

Walikuwa kwenye mishikaki Emérence alipopiga simu.

"Fabiola, nakuambia tu ili ujue. Kamati wamekutana jana. Wamemunyanganya Séraphine ufunguo. Blanchard njo anaubeba sasa."

"Alisema nini, tantine?"

"Hakusema kintu. Aliutoa ku shingo, akaweka ku meza, akarudia ku nyumba yake. Na wale ba Idjwi wa paneli, wenye walikuwa wamuletee congélateur ya jua, ile friji ya kugandisha samaki, wamekataa. Wanasema jina yake iko mubaya ku mashine yenu. Mie naona haya, mutoto yangu. Ni kilio yetu njo ilimuletea ile matata. Hata nikimupita mu njia, naangalia chini."

Emérence, aliyekuwa hajakosea kitu, ndiye aliyekuwa anaona haya. Fabiola aliweka mshikaki chini. Alirudi ofisini kwa miguu, akafunga mlango, akaandika tamko. Mfumo uliuliza jina, akaandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Mfumo uliuliza sababu. Guy angesema andika hitilafu ya kiufundi. Aliandika: "Mita hii iliwapa umeme wafiwa. Hakuna wizi. Kanuni iliyoandikwa na aliyetia sahihi hapa ilikuwa na kosa, naye alilijua kosa hilo wakati mwenye mita anakiri." Kisha akaizima ile kanuni, mji mzima, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mtu akidhani mambo huisha hapo, hajui maana ya habari kugawanywa. Kila muuzaji alikuwa na nakala yake. Watatu walifuta siku ile ile. Mmoja alitaka barua yenye muhuri. Wengine wawili hawakujibu, na huko kwao Séraphine M'Bashwira ni mwizi hadi leo. Guy alipogundua alisimama mlangoni, akamtazama, akasema watazungumza Jumatatu. Hakufoka. Labda na yeye alikuwa na kwao.

Kitu kimoja Fabiola alikizuia: ujumbe wa kwenda kwenye simu za Kasha. Ulikuwa tayari, umebaki kubonyezwa tu. Lakini kila alipokaribisha kidole, alimwona Blanchard akiusoma kwa sauti ya kanisani, na Séraphine akisikiliza. Akaona kwamba safari hii watu wasisikie kutoka kwenye simu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumaliza kilio. Ua ulikuwa umefagiwa, turubai limeshushwa upande mmoja, wanaume wanazungushiana kasigisi, ile pombe ya ndizi, na Séraphine alikuwa jikoni uani pamoja na wanawake wengine, anapakua maharagwe. Alikuwa amekuja. Katika mtaa ule, hata ukinyang'anywa ufunguo, kilio cha jirani hukiachi katikati.

Emérence, kama desturi ilivyo, alisimama akauliza kama yupo mwenye neno lililobaki na marehemu, aliseme sasa, ili mzee aende amelala vizuri. Wawili watatu walisema yao. Mmoja alikumbusha meza ambayo Philémon hakuimaliza, watu wakacheka. Kisha Fabiola akasimama.

"Mie niko na neno," alisema. "Haiko na tonton. Iko na mama Séraphine."

Kijiko cha maharagwe kikasimama.

"Ile ujumbe ya wizi, ni mie niliiandika. Ile mashine inakataka batu, ni mie niliitengeneza. Tantine aliniomba nipige telefone, nikasema niko service ingine. Nilidanganya, mbele ya maiti. Mama Séraphine hakuiba kintu. Alitupa sie courant, sie familia, na mie nikamuacha afinye ile moja. Nilikuwa karibu yake. Ningeweza kumukamata mukono."

Alikuwa amepanga kusema zaidi, kuhusu tamko na wauzaji sita, lakini aliishia hapo. Hakuna aliyemsaidia. Shangazi zake waliangalia miguu yao. Fahari yote ya ukoo ilikuwa inaporomoka mbele ya wageni, na ni haki yao kuumia.

Blanchard alikuwa wa kwanza kusogea. Alitoa ufunguo mfukoni, akapita katikati ya viti, akamnyooshea Séraphine bila kumtazama usoni.

"Ubaki nayo, Blanchard," alisema Séraphine. "Ile ni mambo ya kamati, tutaonana nayo." Akaweka kijiko chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja mpaka mbele ya Fabiola. Alikuwa mfupi kuliko yeye, ilimbidi ainue uso.

"Nilijua," alisema.

Fabiola hakuelewa.

"Ile siku nilijua. Uliposema service ingine, nilikuangalia ku macho. Weye nilikuogeshaka ungali mudogo, Fabiola. Unadanganyaka vibaya tangu utoto. Nikajisemea: kama batu hawa wanajua sasa kama ni yeye, hapa mbele ya mujomba wake, ataingia wapi? Blanchard angekukula muzima. Njo nikafinya, maneno iishe. Batu wanasema nilifinya sababu ya kinanda. Nilifinya sababu yako."

"Mama," alisema Fabiola, "unisamehe."

"Ngoja, sijamaliza." Sasa sauti ilipanda, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na hasira, hasira iliyokaa ndani wiki nzima. "Kufinya haikuniuma. Jina yangu niliitoa mwenyewe, nilijua natoa nini. Lakini kesho yake, ku makaburi, nilisimama pembeni ya njia. Nikasema, sasa atakuja. Hata aniambie mu sikio tu, bila mutu kusikia, inatosha. Nikakungojea, Fabiola. Nilikuona. Ulikamata njia ya magugu."

Fabiola machozi yalimtoka, wala hakuyapangusa.

Séraphine alirudi kwenye chungu chake. Aliendelea kupakua kwa zamu, sahani kwa sahani, na zamu ya Fabiola ilipofika alimpakulia kiasi kile kile alichowapakulia wengine, akamletea, akapita. Fabiola alikaa akala mbele ya watu wote, akilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.